Kiraka cha Ukingoni

Jeneza la Nahashon Okinyi lilikuwa uani tangu asubuhi, chini ya turubai, na juu yake hapakuwa na kitu. Hilo ndilo lililowafanya waombolezaji wa mtaa wa Mbotela wazungumze kwa minong'ono. Hakuna mwanachama wa Chama cha Ngao aliyewahi kusafirishwa bila bendera ya chama kumfunika, sembuse mmoja wa waliokiasisi. Lakini bendera ilikuwa imeibiwa, na aliyeshukiwa alikuwa mjane mwenyewe.

Inspekta Selpher Kageha alipita katikati ya viti akisalimia kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa amevaa kiraia: sketi ya kijivu, sweta, viatu vya chini. Konstebo Kisilu alimfuata nyuma kwa sare, na kila alipopita mazungumzo yalikatika.

"Basi la kwenda nyumbani linaondoka saa sita, afande," Kisilu alimnong'oneza. "Kamati imesema saa sita ikifika bila bendera kupatikana, Mama Norah anafukuzwa. Chama kinachukua basi lake na watu wake, yeye anabaki na maiti yake."

"Watamwachia jeneza uani?"

"Ndivyo walivyosema."

Norah Amondi alikuwa chumbani, ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na wanawake wawili walikuwa wakimlinda kama askari wa zamu. Kageha aliwaomba watoke. Mmoja akasonya, lakini wakatoka.

"Pole, mama."

"Asante, nyathina. Kaa hapa, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Afadhali wewe. Wengine wote wamekuja na majibu."

Kageha aliketi. Mapajani mwa mama huyo palikuwa na ovaroli ya buluu iliyokunjwa vizuri, ile ya karakana za reli, imefuliwa mpaka rangi imepauka.

"Bendera uliiona lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi asubuhi. Mzee wangu alikata roho alfajiri. Nililia kidogo, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda ukumbini peke yangu. Mimi ndiye mtunza bendera. Nikafungua sanduku, nikafanya kazi ya mtunzaji, nikafunga. Jana asubuhi nikaifuata, sanduku tupu."

"Kazi gani hiyo ya mtunzaji?"

Norah aliutazama ukuta. "Hiyo siwezi kukwambia. Sisi watunzaji tuliapa. Husemwa mbele ya jeneza, bendera ikiwa imeshatandikwa. Kabla ya hapo haisemwi, hata kwa polisi."

"Hata kama kiapo kitakufanya uitwe mwizi?"

"Kiapo kinachovunjika mtu akitishwa kilikuwa kiapo gani?"

Kageha hakubishana naye. Akabadilisha njia. "Basi nieleze kinachosemeka. Iko vipi?"

Hapo uso wa Norah ukafunguka. Ni kitambaa cha drili, alisema, kirefu kama jeneza, na katikati kuna ngao. "Watoto wa siku hizi wanasema nyekundu yake ni damu, kwa sababu shuleni wamefundishwa bendera ya taifa. Yetu si hiyo. Nyekundu yetu ni udongo. Zamani mtu wetu akifia hapa, alifukiwa makaburi ya mji na wasiomjua. Tukasema hapana, kila mtu atarudi kwenye udongo wake. Nyeusi ni chungu. Waluo na Waluhya wa mtaa huu tulipikia chungu kimoja siku ya kwanza ya chama, na masizi yake ndiyo hayo. Nyeupe ni unga, maana hatwendi matangani mikono mitupu. Kijani ni shamba la nyumbani, lile ambalo mtu hauzi hata akilala njaa."

"Na mkuki?"

"Hakuna mkuki. Vijana walitaka mkuki. Nahashon wangu akasema ngao hukinga, haichomi. Tukaacha hivyo."

"Na pindo lake?"

"Pindo ni viraka viraka tu," Norah alisema upesi mno, akaishika ovaroli kwa mikono miwili.

Kageha akaitazama ile ovaroli. Mfuko wa kifuani, upande wa kushoto, ulikuwa na kifungo cha shaba, lakini mfuniko wake haukuwapo. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, na nyuzi mbichi zilikuwa bado zikining'inia.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Hiyo pia, nyathina."

Walipotoka nje Kisilu akatikisa kichwa. "Mama huyu anaficha jambo, afande."

"Anaficha. Lakini mwizi akificha hukupa hadithi ndefu. Huyu amenipa mlango uliofungwa, kisha akanionyesha na kitasa."

*

Mwenyekiti Tobias Wamalwa aliwapokea katika chumba kidogo cha nyuma ya ukumbi. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa koti na tai hata siku ya joto, na funguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye mkanda wa suruali kama mbuzi kwenye kigingi.

"Binti yetu, jambo hili linaniumiza kuliko mtu yeyote," alianza. "Lakini funguo ni jozi mbili tu. Jozi yangu na jozi ya Norah. Kufuli haikuvunjwa. Wewe ni mpelelezi, fanya hesabu."

"Jozi yako haitoki kiunoni?"

"Kamwe."

"Hata ukilala?"

"Mke wangu hulalamika."

Kageha alitabasamu, akasogea ukutani. Palikuwa na picha ya rangi iliyotiwa fremu: wanachama wamesimama kwa safu, bendera imetandazwa mbele yao. Aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Ngao katikati. Pindoni, viraka vya kaki, vyeupe, vya kijivu, kimoja cha maua maua. Kwenye pembe ya juu pindo lilikuwa tupu, halina kiraka.

"Picha hii ni ya lini?"

"Krismasi iliyopita. Haijatandazwa hadharani tena tangu siku ile. Hatukupata msiba, Mungu alituhurumia."

"Viraka hivi vina maana gani?"

"Urembo. Kazi ya akina mama." Wamalwa alipunga mkono. Alikuwa amejiunga na chama baada ya kustaafu, na mambo ya akina mama wa zamani hakuyauliza.

Kageha aligeuka taratibu. "Mwenyekiti, viti vile vilivyoko uani kwa marehemu vilitoka wapi?"

"Humu ukumbini."

"Nani alifungua ukumbi?"

"Mimi... yaani..." Mzee alikohoa. "Alhamisi jioni nilikuwa kwenye kikao cha matanga. Nilimpa Shiundu funguo, yule fundi cherehani, atoe viti na vijana wenzake. Akanirudishia palepale. Hiyo si kutoka kiunoni, dada, hiyo ni kazi ya msiba."

"Na ufunguo wa sanduku umo kwenye jozi hiyohiyo?"

"Umo." Kisha mzee akakasirika. "Lakini usimguse Shiundu! Kijana huyo ndiye anayetuokoa na aibu. Tangu jana anatushonea bendera nyingine, bure kabisa. Ukitaka mwizi wa nje, nenda kwa Mutisya. Huyo alikuja hapa na Mzungu mwezi uliopita, wakitaka kuinunua."

*

Duka la vinyago la Mutisya lilikuwa ukingoni mwa Pumwani, limejaa twiga wa mbao na ngao za ngozi zilizozeeshwa kwa rangi ya viatu. Mutisya alipoona sare ya Kisilu aliweka patasi chini.

"Kama ni ile bendera ya Mbotela, sinayo."

"Nani amekwambia imepotea?" Kisilu aliuliza kwa ukali.

"Afande, hata kuku wa Majengo wanajua imepotea."

"Ulitaka kuinunua," Kageha alisema.

"Nilitaka. Mgeni wangu anakusanya nembo za kale, vitu vilivyotumika kweli. Vipya havitaki hata umpe bure. Nikampeleka. Yule mama mtunza bendera alinifukuza na mwiko, tena wa ugali, bado una ugali! Mimi nikaona basi. Kitu kinacholiliwa hakiuziki."

"Na mgeni wako?"

Mutisya aliangalia huku na huku. "Alipita jana jioni. Akasema hanihitaji tena. Ameahidiwa na mtu wa hukohuko Mbotela, ataichukua Jumatatu."

"Jina?"

"Hakusema. Alicheka tu, akasema amepata fundi mzuri kuliko mimi."

Kisilu alikuwa ameshatoa pingu. Kageha akamwashiria azirudishe. Waliporudi kwenye Landrova, Kisilu alikuwa amenuna.

"Tumepoteza saa nzima, afande."

"Tumepata mambo mawili. Bendera haijatoka Mbotela. Na aliyenayo atailinda kama yai mpaka Jumatatu, kwa sababu ikiungua au ikichafuka mnunuzi atakimbia."

*

Kibanda cha Shiundu kilikuwa karibu na Jogoo Road, cha mabati, na redio ilikuwa ikiimba ndani. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mcheshi, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Mbele yake bendera mpya ilikuwa imetandazwa kwenye benchi la wateja, naye alikuwa ameinama kama mtu anayechimba viazi, akiipiga pasi ya makaa.

"Sasa, madam! Karibu. Msinishike, bado sijalipa kodi!" Akacheka mwenyewe.

"Kazi nzuri," Kageha alisema, na alimaanisha. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka. "Mgongo hauumi? Meza yako ya pasi ile pale iko tupu."

Meza ilikuwa pembeni, juu yake blanketi la kijivu limekunjwa mara kadhaa kama ilivyo kwa mafundi wote, nene, limetandazwa kwa uangalifu. Hapakuwa hata na kibiriti juu yake.

"Mguu umelegea, hiyo. Ikibeba pasi itaanguka."

Kisilu aliiegemea meza. Meza haikutikisika. Kageha aliona, na alimwona Shiundu naye akiona.

"Toka hapo, soja, utanivunjia!"

Kageha alijifanya hajasikia. Alikuwa anafuata pindo kwa kidole. Kaki, nyeupe, kijivu, maua maua. Kila kiraka mahali pake. Kwenye pembe ya juu, pale ambapo picha ya mwenyekiti ilikuwa tupu, palikuwa na kiraka cha buluu, kimechongoka chini, na karibu na ncha yake kuna tundu dogo lililozungushiwa uzi.

Kageha alikiacha kidole palepale. Sauti yake haikubadilika.

"Umewezaje kukumbuka yote haya?"

"Nimetoa kwa ile picha ya mwenyekiti. Nina jicho, madam. Kitu nikikiona mara moja, kimekwisha."

"Basi nisaidie, kwa ripoti yangu. Rangi hizi zina maana gani?"

Shiundu alinyoosha mgongo, akafurahi kuulizwa. "Rahisi. Nyeusi ni wananchi. Nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru. Kijani, mashamba. Nyeupe, amani. Kama ya taifa tu."

"Na hii buluu?"

Pasi ilisimama hewani. "Buluu? Ah, hiyo... hiyo ni ziwa. Si watu wa chama wengi wametoka kule ziwani?"

"Na hili tundu?"

"Hilo ni jicho." Sasa alikuwa ameshika kasi, kama mtoto anayedanganya na kuuona uongo wake ukipendeza. "Ukiangalia vizuri, kiraka chenyewe ni samaki. Kimechongoka hivi, hapa kichwa, na hilo jicho lake. Samaki wa ziwa. Wazee walikuwa na akili, madam!"

"Walikuwa nayo sana," Kageha alisema. "Imeshakauka? Basi ibebe tuipeleke kwa marehemu. Wewe mwenyewe uikabidhi, watu wakushukuru."

Shiundu alitupia meza ya pasi jicho moja la haraka, kisha akaikunja bendera yake. Mtu anayekwenda kushukuriwa hawezi kukataa.

"Kisilu, wewe baki mlangoni," Kageha alisema. "Kuna pasi ina moto. Tusije tukaunguza mtaa."

*

Uani walikuwa wameanza kutazama barabara, wakisubiri basi. Shiundu aliitandaza bendera mpya mikononi mwa vijana wawili, na watu wakaguna kwa kuridhika. Mwenyekiti Wamalwa alisimama mbele ya jeneza, akasafisha koo.

"Ndugu zangu, kijana huyu ametufuta machozi. Aliyeiba na abaki na aibu yake..."

"Ngoja kidogo, mwenyekiti," Kageha alisema. "Shiundu, waambie wazee ulivyoniambia. Umeitoa wapi sura ya bendera hii?"

"Kwa picha. Nimesema."

Kageha alikuwa ameiangua ile picha ukutani walipopita ukumbini. Akaitoa kwenye sweta, akampa mwenyekiti. "Mzee, tafadhali soma pindo la picha, halafu usome pindo la bendera. Anzia pembe ya juu."

Wamalwa alivaa miwani. Aliinamia picha, akaiinamia bendera, akarudia. "Kwenye picha hapana kitu. Hapa kuna buluu." Aliinua kichwa. "Sisi hatujawahi kuwa na buluu."

"Nimeongeza kidogo, basi!" Shiundu alicheka, lakini hakuna aliyecheka naye. "Nafasi ilikuwa wazi, nikaweka ziwa. Samaki. Ni dhambi?"

"Samaki mwenye jicho," Kageha alisema.

"Ndiyo!"

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka. Norah Amondi alikuwa amesikia neno buluu. Alitoka na ovaroli mikononi, na wale wanawake waliokuwa wakimlinda wakamfuata bila kujua wamzuie au wamshike mkono. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bendera mpya. Aliinama, akakitazama kiraka cha buluu muda mrefu. Lakini kiapo kilikuwa kiapo.

Akaitandaza ovaroli kando ya kiraka. Akakishika kile kifungo cha shaba kilichobaki kwenye mfuko wa kifuani, akakiingiza kwenye jicho la samaki. Kikapita sawasawa. Akakigeuza, kikafunga.

Bendera mpya na nguo ya kazi ya marehemu zilikuwa zimefungana kama shati lililovaliwa.

"Huyu si samaki," Kageha alisema. "Huyu ni mfuniko wa mfuko. Mama huyu aliukata Alhamisi asubuhi, akaupeleka ukumbini, akaushona kwenye bendera akiwa peke yake. Hakumwambia mtu, na mimi bado hajaniambia. Jioni ile mtu aliingia ukumbini na funguo za mwenyekiti kuchukua viti. Jana sanduku likawa tupu. Katika dunia nzima ni watu wawili tu wanaoweza kujua kwamba bendera ina buluu pembeni: aliyeshona, na aliyeiba. Fundi, umenakili vizuri mno. Umenakili hata tundu la kifungo."

"Kila mtu ana ovaroli ya buluu!" Shiundu alipiga kelele. "Mimi nimejitungia! Leteni hiyo bendera basi, iko wapi?"

"Twende tukaiangalie pamoja."

Alijaribu kupenya kati ya viti. Viti vilevile alivyovibeba Alhamisi vilimnasa miguu, akaanguka kifudifudi miguuni pa mpuliza pembe wa chama, mzee mnene aliyemwekea goti mgongoni bila haraka.

"Pumzika, kijana. Basi bado."

*

Nusu ya mtaa iliwafuata mpaka kibandani. Kisilu alikuwa amesimama mlangoni kama mti, pasi imepoa miguuni pake. Kageha alikwenda kwenye meza ambayo mguu wake haukuwa umelegea.

"Fundi gani mwenye kazi ya haraka huvunja mgongo kwenye benchi na meza anayo?" alimuuliza mwenyekiti. "Ni yule ambaye chini ya blanketi ameweka kitu kisichotakiwa kupata moto."

Akafunua kunjo la kwanza. Kijivu. La pili. Kijivu. Alipofunua la tatu, ngao ikatokea: nyeusi ya masizi, nyekundu ya udongo, nyeupe, kijani. Na pembeni, kiraka cha buluu kilichopauka rangi.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mwanamke aliyesonya asubuhi. Kikaitikiwa na kibanda cha pili, kikavuka barabara, na punde wenye mboga na wenye mitumba walikuwa wanapiga vigelegele bila kujua sababu.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" mtu alipaza sauti.

"Leo kimo chini ya blanketi!" mwingine akamjibu, na kicheko kikapanda hadi kwenye mabati.

Shiundu, sasa na pingu, alikuwa ameinamisha kichwa. Alipopitishwa karibu na Norah alisema kwa sauti ya chini, "Mathe, sikujua ile buluu ni ya buda, mzee wako. Nilidhani ni urembo tu."

Norah alimtazama. "Ungeuliza, ningekwambia si ya kuuzwa. Hilo halina kiapo."

Mwenyekiti Wamalwa alivua kofia, kisha akaufungua mkanda wake, akaitoa jozi ya funguo na kumwekea Norah kiganjani. "Mama, nilikuhukumu kwa funguo. Kumbe mlegevu alikuwa mimi. Zikae kwako zote."

"Nitazichukua," Norah alisema. "Lakini kwanza funga mkanda, mzee. Kuna watoto hapa."

Walirudi uani kwa maandamano. Norah alitangulia, bendera imelala mikononi mwake, na mzee wa pembe aliipuliza mpaka madirisha ya mtaa wa pili yakafunguka. Basi lilikuwa limeshafika. Dereva alizima injini bila kuambiwa, akashuka, akasimama mkono kifuani.

Bendera ilitandikwa. Norah aliizungusha kidogo, akaivuta pembe moja mpaka ikakaa alipotaka. Kisha akasimama wima, na sauti yake ikawa ya mtunzaji, si ya mjane.

"Sasa jeneza limefunikwa, nasema. Hili pindo si urembo. Kila mwasisi akitangulia, mtunzaji hukata nguo yake ya kazi, akaishona hapa siku ileile, kabla machozi hayajakauka. Kaki hii ni ya mfagizi wa barabara. Nyeupe hii ni ya ayah, mhudumu wa hospitali. Maua haya ni aproni ya muuza samaki. Hawakuwa na makaburi ya marumaru. Wako hapa. Na buluu hii ni ya Nahashon Okinyi, fundi wa reli."

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuinua jeneza. Kageha alishika pembe moja, kwa kuwa Norah alimwambia ashike. Walipoinua, aliona kwa nini mama huyo aliizungusha bendera. Kile kiraka kilikuwa upande wa kushoto, juu. Mfuniko ulikuwa umerudi kifuani.